Mungu Alinitoa Korongoni, na Tobias Hakukimbiza Gari

Asifiwe Bwana aliyenishika nikiwa sina cha kukanyaga!

Ndugu zangu, miguu yangu ilikuwa hewani. Chini yangu kulikuwa na mawe na vichaka, mbali, mbali kabisa, na ng'ombe waliokuwa wakinywa maji huko bondeni niliwaona wadogo kama maharagwe. Mikono yangu ilikuwa imekumbatia kisiki cha mti uliokatwa na wachoma makaa. Juu ya kichwa changu, karibu hata nikasikia joto la bomba la moshi, pikapu ilikuwa imening'inia nusu barabarani nusu hewani. Tairi ya nyuma ilikuwa hewani, inadondosha udongo polepole. Vitunguu vyangu vilikuwa vinatoka kwenye gunia kimoja kimoja, vinanipiga begani, vinaendelea na safari yao kule chini.

Ndani ya pikapu hiyo alikuwa kijana anaitwa Tobias, mguu wake kwenye breki.

Na pale ukingoni, amelala kifudifudi kwenye udongo, alikuwa mkwe wangu Walter, mume wa binti yangu Lilian. Alikuwa amenyoosha mkono mpaka shati limepasuka kwapani.

"Mama, nipe mkono!"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ita wanawake."

Wale mliozaliwa kwetu mmeelewa, na pengine mmecheka. Wengine nitawaeleza. Sisi Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni heshima tupu. Hamshikani ovyo. Hamkai mmebanana. Akikuona njiani anasogea pembeni upite. Siku hizi huku mjini watu wamelegeza, wengine wanasalimiana hata kwa mkono, lakini huko milima ya Gwassi ambako Lilian ameolewa, jambo hilo bado wanalishika sana. Na mimi nililelewa hivyo hivyo. Mwili wangu ulikuwa unaenda kufa, mdomo wangu bado unaogopa aibu!

Jina langu ni Dorina. Ninauza vitunguu soko la Migori, wengi hapa mmenunua kwangu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa sababu niko hai. Na nimekuja kusema ukweli wa Tobias, kwa sababu Tobias alikufa siku ile, na mpaka leo huko mlimani wanasema alijiua mwenyewe kwa kukimbiza gari. Ni uongo. Mimi nilikuwa kwenye hilo gari.

Acha nirudi nyuma.

Mume wangu alituacha wajane wawili, mimi na mke mwenzangu Jenipher. Watu walingoja tupigane. Hatukupigana. Tulilima, tukauza, mimi nikaenda Isebania kuchukua vitunguu vinavyovuka mpaka kutoka Sirare, nikabeba magunia mpaka mgongo ukapinda. Lilian ndiye mtoto wangu pekee aliyebaki. Alipoolewa mbali vile, kule juu Homa Bay, nililia kama nimemzika. Nilimkasirikia Mungu. Nilikuwa naimba kanisani, lakini moyoni nilikuwa nasema, Wewe umechukua wote, sasa hata huyu unampeleka mlimani?

Halafu Lilian akazaa mtoto wa kiume, na nyumba yake ikaniita.

Mama hajiendei tu kwa binti yake. Anaitwa, anaenda na wanawake wenzake, wamebeba. Tulikuwa tuwe kundi zima, lakini wiki hiyo kulikuwa na matanga ya jirani, wengi wakabaki. Tukawa wawili tu, mimi na Jenipher, na magunia mawili ya vitunguu, unga, sukari, ndizi, na kuku mmoja mwenye kelele. Walter mwenyewe alishuka kutoka mlimani kutuchukua, pamoja na Tobias, mtoto wa baba yake mdogo. Tobias ndiye aliyekuwa dereva. Pikapu ilikuwa ya tajiri wake wa samaki.

Walifika asubuhi, na shida ikaanzia hapo hapo nyumbani.

"Tunakaa wapi?" Jenipher akauliza.

Walter akasema huku anaangalia ardhi, "Mama wakae mbele. Mimi nitapanda nyuma."

"Mbele na nani?"

"Na Tobias."

"Tobias si ndugu yako?"

"Ni ndugu yangu, mama."

"Basi naye ni mkwe! Tubanane na mkwe, magoti yetu yakigusa gia? Unataka tufike tukiwa tumevunja heshima kabla hata ya kuoga vumbi?"

Gari zima lilikuwa la wakwe, ndugu zangu. Ikabidi wanaume wakae mbele, sisi mama wakwe tupande nyuma na kuku. Na hapo Tobias akafanya kitu ambacho sitasahau. Alikuwa amekuja na godoro. Alilitandika juu ya magunia, akaweka mto, akafunga kamba pembeni tupate pa kushika. Hakutuangalia hata mara moja. Akamwambia Walter kwa sauti kubwa, ili tusikie sisi, "Walter, waambie mama zetu wakichoka wagonge kioo."

Jenipher akajibu, "Walter, mwambie dereva tumesikia. Na mwambie godoro lake lina kunguni."

"Walter, waambie mama kunguni hao ni wa Homa Bay, wametumwa kuwapokea wageni."

Tulicheka mpaka tukalia. Njia nzima ilikuwa hivyo. Walter maskini alikuwa kama simu, maneno yanapita kwake.

Ndhiwa tulisimama. Pikapu ilikuwa imeinuka juu, mimi nimenenepa na Jenipher ana goti bovu, hatuwezi kushuka bila kushikwa. Na nani atushike? Walter akaenda mpaka kwa wauza nyanya, akaita wanawake wawili, wakaja wakatushusha mmoja mmoja. Tulipomaliza kula mahindi wakatupandisha tena. Wakati huo Tobias alikuwa anazunguka gari na spana, anagonga kila tairi, anasikiliza. Aliinama akaangalia chini ya gari. Alifungua boneti. Nilimwambia Jenipher, huyu kijana anatunza gari kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Baada ya Magunga tukaanza kupanda. Alikuwa anaenda pole, pole sana, mpaka Jenipher akagonga kioo.

"Walter! Mwambie dereva huyu kuku akishuka atembee, atafika kabla yetu!"

Tobias akatoa kichwa dirishani, uso ameugeuzia mlimani asituangalie. "Walter, waambie mama, mtu akibeba mama mkwe hakimbizi. Wakifika na vumbi tu kichwani, Lilian atanifukuza."

Hayo ni maneno yake. Muyaweke hapo. Nitayahitaji.

Ndugu zangu, nimezaliwa Kadem. Nimeliona Ziwa tangu nikiwa mtoto mgongoni. Lakini sikuwahi kuliona kutoka juu. Tulipopanda vile, likafunguka lote! Maji yote yale, yametulia, yanang'aa kama bati jipya, na visiwa vimekaa juu yake, Mfangano na vingine nisivyovijua, na wingu moja likitembea chini yetu. Chini yetu! Nilikuwa naangalia mgongo wa wingu. Jenipher, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasahau hata kumtania dereva. Mimi nikavua kitambaa kichwani bila kujua kwa nini. Nikasema, Bwana, kumbe hivi ndivyo Unavyotuona? Tuko wadogo hivi, na Wewe bado unajua mtu anaitwa Dorina? Hasira niliyokuwa nayo miaka yote ilikosa pa kukaa. Niliona kama nimeingia nyumba ya mtu bila hodi.

Na hapo mbele yetu barabara ilikuwa nzuri kuliko yote tuliyopita. Mpya. Murram nyekundu, ule udongo wa changarawe, imelazwa, laini. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo.

Tobias akasimamisha gari.

"Walter, hii kona siipendi," akasema. "Asubuhi tukishuka gari halikuwa na kitu. Sasa tumebeba. Shuka utembee mbele yangu uniangalizie ukingo."

Walter akashuka. Kisha Tobias akasema, "Na waambie mama washuke, watembee kidogo."

Hapo ndipo tulipokosea sote. Kutushusha kunataka mtu wa kutushika. Tukaangalia huku na huku. Hakuna mwanamke, hakuna hata mchunga mbuzi. Walter akasimama kwenye mlango wa nyuma, mikono ameiweka mgongoni kama mtoto wa shule, hajui afanye nini. Na mimi nikasema, "Endeni tu. Pole pole tutafika. Tutashukia nyumbani, wanawake wako." Jenipher akasema hivyo hivyo.

Tobias hakufurahi. Alingoja. Lakini angefanya nini, atubebe?

Basi Walter akatembea mbele kwa miguu, anarudi kinyumenyume, anampungia mkono, njoo, njoo, kaa upande wa mlima. Gari likamfuata taratibu kama mtu anayefuata jeneza. Tairi za mbele zikapita. Za nyuma zilipofika, nikasikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama chungu kikipasuka ndani ya nyumba ya jirani.

Barabara ikaanguka.

Haikuteleza. Ilianguka chini, kama dari. Nyuma ya gari ikazama, na Tobias akapiga kelele, "Mama! Rukeni!" Mara ya kwanza siku hiyo alituita sisi wenyewe. Jenipher alikuwa upande wa mlima, akajitupa, akaangukia barabarani. Mimi nilikuwa upande wa korongo. Godoro likateleza na mimi juu yake, gunia likanipita kichwani, na niliposhtuka nilikuwa nimekumbatia kile kisiki.

Ndipo Walter akaja, akalala kwenye udongo, akaniambia nimpe mkono. Na mimi nikamwambia aite wanawake.

"Mama, wanawake wako wapi hapa?" Alikuwa analia. Mwanaume mzima.

Na juu nikasikia sauti ya Jenipher, "Nyar Kadem!" Ndivyo anavyoniita, binti wa Kadem. "Nyar Kadem, shika mkono wa mtoto! Ukifa hapo na heshima yako, tutaizika wapi?"

Na ndani ya gari nikasikia Tobias. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyebeba mzigo mzito na hataki kuongea sana. "Walter. Ametoka?"

"Bado!"

Walter alinieleza baadaye, kwa sababu mimi mambo ya gari sijui. Handibreki inashika tairi za nyuma, na za nyuma zilikuwa hewani. Breki ya mguu ndiyo iliyokuwa inashika za mbele. Tobias akitoa mguu tu, gari linarudi nyuma. Na nyuma yake, chini yake, nilikuwa mimi. Mlango wake ulikuwa upande wa mlima. Angefungua, angeruka. Alikuwa na nafasi kama Jenipher. Hakuruka!

Sikujua hilo wakati ule. Nilijua tu kwamba nimechoka. Nilitaka kuomba na maneno yote ya maombi niliyoimba miaka yote yalipotea. Lilibaki neno moja la nyumbani, nikasema, "Nyasaye." Mungu. Hilo tu. Na, ndugu zangu, kukawa kimya. Sisemi niliona malaika. Sisemi nilisikia sauti. Nasema upepo wa mlima ulikoma, kuku alikoma, hata uoga wangu ulikoma, na lile Ziwa lilikuwa mbele ya uso wangu lote, limetulia, na nikajua kuna Mtu hapo ambaye kwake mkono wa mkwe na mkono wa mama ni mikono tu. Ni Yeye aliiumba. Nikaachia kisiki kwa mkono mmoja.

Walter akanidaka kwenye kifundo cha mkono. "Nisamehe, mama," akasema, akavuta.

Nilikuwa mzito, akaanza kuteleza naye. Jenipher akafanya nini? Akamkalia miguu! Mama mkwe, na goti lake bovu, akakaa juu ya miguu ya mkwe, akashika na mkanda wake wa suruali, anaita jina la Yesu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Sindo. Leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni ikabaki kwenye kisiki. Nilifika juu nikiwa na petikoti, nimekumbatiwa na mume wa mtoto wangu kama gunia la mahindi.

"Walter. Ametoka?"

"Ametoka! Ametoka! Toka na wewe!"

Nilisikia mlango wake ukifunguka. Nilimwona bega. Nilimwona mkono ukishika mlango. Halafu ukingo uliobaki ukakatika na gari likaondoka naye.

Sitaandika sauti ya kule chini.

Bwana alinitoa. Nasema alinitoa, hakuna atakayeniambia ni bahati. Kisiki kilichokatwa na mtu ambaye hakunijua, kikanishika. Kijana aliyekuwa haniangalii usoni akaniwekea mwili wake. Nimejiuliza, zile pumzi nilizopoteza nikisema ita wanawake, je, zingemtosha Tobias? Nitazibeba hizo mpaka nife, na Mungu anajua. Lakini shimo sikulichimba mimi.

Sasa sikilizeni kuhusu shimo.

Watu wa mlimani walikuja, wakatubeba mimi na Jenipher mpaka kwa Lilian. Nikamwona mjukuu wangu kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba. Na kesho yake wazee wakakaa. Nilifikiri wamekaa kwa ajili ya Tobias. Hapana! Wamekaa kuuliza nani alimshika nani. Walter alinishika wapi? Jenipher alikaa sehemu gani ya mwili wake? Ile petikoti ilikuwa imefunika mpaka wapi? Walitaka mbuzi achinjwe kusafisha aibu. Mbuzi alichinjwa, sikukataa, mimi nilikuwa mgeni na nilikuwa nimelala. Lakini niliwasikia kupitia ukuta, wanaume wazima, jua zima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza barabara mpya inaangukaje siku ambayo mvua hainyeshi.

Walioniambia ni wanawake. Walikuja kunikanda miguu kwa maji ya moto, na mmoja akasema polepole, "Mama, ile barabara ilikuwa haina tumbo." Nikauliza, haina tumbo vipi? Akaniambia, ukiweza kutembea nitakuonyesha.

Nilipoweza, nikaenda na fimbo. Alinipitisha njia ya wachota maji, chini ya ile kona. Ndugu zangu, chini ya barabara kulikuwa na pango! Meno ya tingatinga yalikuwa yameandika ukutani, mistari mistari. Murram yote iliyolazwa juu ilikuwa imechimbwa hapo hapo chini. Badala ya kwenda kuileta mbali, waliila barabara kutoka chini ili kuipamba juu. Dari lililobaki lilikuwa jembamba, ukilinganisha ni kama kutoka kiwiko changu mpaka vidole. Tulipita juu ya dari, tukiwa tunasifu uzuri wake.

Aliyechimba ana jina. Anaitwa Fredi, ndiye mwenye kandarasi ya barabara ile. Alikuja na gari jeupe na kofia ya plastiki, akawaambia wanawake wa pale wasimsumbue, yeye anajua kazi.

Na aliyeambiwa akanyamaza ana jina. Anaitwa Silvanus, naibu wa chifu. Wanawake hao walisimama kwenye baraza wakamwambia, bwana, wanachimba chini ya barabara, watoto wetu wanapita hapo. Akawajibu nini? "Mlilia hamna barabara. Sasa mmeletewa, mnalilia udongo." Watu wakacheka. Baraza lililofuata wakanyoosha mikono tena. Hakuwaita hata kuongea.

Siku ya kumzika Tobias, huyo Silvanus alipewa nafasi ya kuongea. Alivaa sare. Alisimama karibu na jeneza, akasema vijana wa siku hizi wana haraka, wanakimbiza magari kwenye barabara nzuri za serikali, na huu uwe funzo. Funzo! Mama yake Tobias alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, na niliona kichwa chake kikiinama kama mtu aliyepigwa ngumi.

Jenipher ndiye aliyesimama. Na fimbo yake. "Wewe mwenye sare! Walter alikuwa anatembea mbele ya gari kwa miguu yake, anarudi kinyumenyume! Gari linalomfuata mtu anayetembea kinyumenyume linakimbia namna gani? Tuonyeshe! Kimbia hivyo tukuone!"

Watu wengine wakaguna. Lakini wazee wakamwambia akae, huyo ni mgeni, tena ni mama mkwe, hana sauti katika boma hilo. Silvanus akafuta jasho, akaketi, akaletewa soda.

Kabla hatujaondoka mlimani, tingatinga ikarudi. Fredi hakushuka garini. Walijaza lile pango kwa mawe na udongo, wakashindilia, wakapanda na nyasi juu. Ukienda leo utaona kona nzuri. Utasema Dorina ni mwongo. Lakini wale wanawake wako, mimi niko, Jenipher yuko, na Walter yuko. Walter sasa hapiti ile kona, anazunguka mbali. Anaamka amekunja mkono kama ameshika kitu.

Ndugu zangu, kuna wale watakaosema, mama, umeokolewa, sasa mbona una uchungu? Shukuru unyamaze. Mimi nashukuru! Kila asubuhi nikikanyaga sakafu, nasema asante kwa sakafu. Nilikuwa na Mungu wa kuimbia tu, sasa nina Mungu aliyeniona nikiwa na petikoti juu ya korongo na hakuona aibu kunishika. Namwogopa na nampenda. Nikikumbuka ule ukimya, nywele zinasimama mpaka leo, napiga magoti sokoni katikati ya vitunguu, watu wanafikiri natafuta kilichoanguka. Wewe unayesoma na unaning'inia mahali, iwe ni ugonjwa, iwe ni ndoa, iwe ni hofu ya watu watasema nini, nakuomba: mkono uliotumwa kwako pengine ni ule ule ambao wewe ulifundishwa kuukataa. Mwite Mungu kwa neno moja kama huna mawili. Kisha achia kisiki. Mwamini!

Lakini Mungu aliyenitoa korongoni hakuniambia ninyamaze kuhusu aliyelichimba shimo. Sikusikia hilo neno katika ule ukimya. Kama nimeokolewa ili nikae na kumeza, basi Tobias alishika breki bure.

Kwa hiyo najua barua hii itasomwa huko juu, maana nimemtumia Lilian, na najua Silvanus huketi benchi la mbele kanisani. Nasema nawe, Silvanus. Nasema nawe, Fredi, popote ulipopeleka tingatinga yako. Sitaki mbuzi wenu. Sitaki mniletee pole. Nataka mpande mpaka nyumba ya mama yake Tobias, mchana, majirani wakiona. Yule mama akienda kisimani watu bado wanamwambia pole kwa yule mtoto wako mwenye haraka, naye anaitikia kwa sababu hakuna aliyempa neno lingine la kuitikia. Simameni mbele yake, bila sare na bila kofia. Fredi, mwambie ni nani aliyekuruhusu kuchimba chini ya njia ya watu. Silvanus, mwambie wanawake walipokuja barazani ulikuwa unamlinda nani. Mwambieni mtoto wake alikufa akifanya nini.

Mimi nitakuwa nimekaa hapo karibu naye. Nimeshaomba Walter aje kunichukua. Nyinyi mnakuja lini?